Padi 16 na ngozi iliyopoa

Siku ya kwanza kuichomeka kwenye kompyuta, mashine yangu ya padi, ile ya vibao vya kupigia ngoma kwa mikono, iliwaka taa zake zote kumi na sita, nyekundu pya. Nikapiga padi ya kwanza kwa kidole cha shahada. Kimya. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu, mwisho nikapiga kwa ngumi. Kimya. Ami yangu alikuwa amekaa kitandani, maana chumba changu cha Mwembetanga, mjini Unguja, hakina kiti cha pili. Akainua uso kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Ndiyo ngoma yenyewe hino?"

"Ndiyo, Ami."

"Basi haijawambwa."

Ami ni mpiga dumbak. Harusi alizozipiga hazihesabiki, na mimi nimekulia nyuma ya mgongo wake, nikibebeshwa cherewa kabla sijaingia skuli. Asiyejua kidumbak nimweleze kwa ufupi: ni ndugu wa taarab asiyekaa kitini. Kuna fidla moja inayokimbia, kuna sanduku la chai lililogeuzwa kuwa besi, kuna mkwasa, yaani vijiti viwili vya kugonganisha, kuna cherewa za vifuu vyenye mbegu ndani, na katikati kuna ngoma mbili ndogo, ndizo dumbak, zinazopigwa na mtu mmoja. Mtu huyo akikosea, harusi nzima inajua.

Mimi natengeneza biti. Vijana wa Zenji Flava, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, wananiletea sauti zao kwenye simu, nami nawawekea mdundo. Kwa miaka mitatu nilikuwa napachika ngoma kwa mausi, pigo moja baada ya jengine, kama mtu anayechambua mchele. Kila wimbo ukitoka, unasikika umechambuliwa. Ndiyo maana nilitafuta mashine ya padi, nipige kwa mikono. Nikaipata mkono wa pili kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama. Alinipa mashine, hakunipa waya.

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa la kwanza. Nilichukua waya wa chaja ya simu, kichwa kikaingia sawasawa, taa zikawaka, nikaridhika. Waya wa USB wa aina ile unatakiwa uwe na nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Nyaya nyingi rahisi za kuchajia zina zile mbili za umeme tu. Mashine inakula, lakini haina mdomo. Nilikesha siku mbili nikiilaumu kompyuta, nikimlaumu na yule kijana (nimeshamwomba radhi), kisha nikabadilisha waya kwa ule wa diski yangu ya nje, na jina la mashine likatokea kwenye skrini palepale.

Likatokea, lakini bado kimya. Ami akarudi kwenye kahawa yake.

Ilinichukua muda kukielewa kitu ambacho sasa namwambia kila anayeniuliza kabla hajafungua pochi: ndani ya padi hakuna ngoma. Hakuna sauti hata moja. Ukipiga, mashine inatuma namba tu. Inasema: kuna pigo, limetoka chaneli fulani, noti namba fulani, kwa nguvu kiasi fulani. Ukiachia, inasema umeachia. Basi. Ni tarishi, si mwimbaji. Lugha anayoisema inaitwa MIDI, na ilionyeshwa hadharani mwaka 1983, pale kinanda cha Sequential Circuits ya Marekani kilipochomekwa kwenye kinanda cha Roland ya Japani, kampuni mbili zilizokuwa zikishindana sokoni, vikasikilizana. Chaneli ni 16. Noti zinaanzia 0 zinaishia 127. Nguvu ya pigo nayo vivyo hivyo, mwisho 127. Anayezigeuza namba hizo kuwa mlio ni programu kwenye kompyuta, na programu nayo haitogeuza kitu mpaka umwambie nani amsikilize nani.

Mimi natumia Reaper, programu ya kurikodia muziki. Unaweza kuwa na nyengine, mambo ni yaleyale kwa majina tofauti. Chomeka mashine kwanza, halafu ndiyo ufungue programu. Ni adabu nzuri hata kama programu yako haijali. Ingia kwenye mipangilio, tafuta ukurasa wa vifaa vya MIDI. Utaliona jina la mashine yako kwenye orodha, na hapo wengi wanafunga ukurasa wakidhani kazi imekwisha. Kuonekana mlangoni si kukaribishwa ndani. Lazima uiruhusu iwe chanzo cha kuingiza. Kisha tengeneza traki, bonyeza kile kitufe chekundu cha kuiweka tayari kurikodi, sehemu ya kuchagua kinachoingia uchague MIDI badala ya maiki, na uwashe usikilizaji wa moja kwa moja, la sivyo utarikodi usichokisikia. Mwisho uweke sampla juu ya traki hiyo, yaani kile kiprogramu kinachobeba sauti zenyewe na kuzitoa kikiitwa kwa namba.

Yote hayo niliyafanya. Kimya.

Kilichonikwamisha ni chaneli. Mashine ilikuwa inatuma kwenye chaneli ya 10, ambayo ndiyo chaneli ya ngoma kwa desturi iliyopangwa mwaka 1991, iitwayo General MIDI, na mimi nilikuwa nimeiambia traki isikilize chaneli ya 1. Watu wawili wanaongea simu mbili tofauti. Nikaiambia isikilize chaneli zote, nikapiga padi ya chini kushoto, na spika ikatoa "du" moja ya besi iliyowashtua paka barazani. Ami akasema, "Ehe."

Padi ile ya chini kushoto kwa kawaida ni noti ya 36, na 36 kwa desturi ileile ni ngoma kubwa ya miguu. 38 ni snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali. 42 ni hai-hati, yaani matoazi mawili ya kugonganisha, iliyofungwa, 46 iliyofunguliwa. Ukikumbuka namba hizo nne unaweza kukaa mbele ya programu yoyote ukajiamini. Lakini kumbuka namba, usikumbuke majina ya noti. Noti ya 60 kuna wanaoiita C3 na kuna wanaoiita C4, ni ileile, ni mapatano tu yaliyoshindikana. Nilipoteza jioni nzima nikihamisha sauti oktavu moja juu kwa sababu kitabu cha mashine kilisema hivi na sampla ikasema vile.

Mipigo ya mwanzo yote ilitoka kwa sauti moja, ya juu kabisa. Ami alipiga kwa ncha ya kidole, ikapiga kelele. Akapiga kwa kofi, kelele ileile. "Mbona hii haijui kunong'ona?" Nikafungua kijidirisha kinachoonyesha namba zinavyoingia: 127, 127, 127. Kumbe yule kijana aliyeniuzia aliiacha imewashwa ile swichi ya kufanya kila pigo liwe la nguvu ya mwisho. Nikaizima. Ami akapiga tena, kidogokidogo, huku tukiangalia pamoja: 34, 41, 38, kisha kofi moja 97, kisha 40. Akacheka peke yake. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake kuona mkono wake umeandikwa.

Kisha akakunja uso. "Inanijibu kwa nyuma."

Mimi nilikuwa sisikii. Nilipiga mwenyewe, nikaona sawa. Akarudia: "Napiga hapa, inasema pale." Nikaenda kuangalia bafa ya sauti, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuitoa, nikakuta imewekwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 23 za kungojea, bila kuhesabu ucheleweshaji mwengine njiani. Milisekunde 23 ni muda ambao sauti hewani inasafiri kiasi cha mita nane. Kwa maneno mengine, Ami alikuwa anapiga ngoma iliyo mikononi mwake na kuisikia kama imewekwa mlango wa jirani wa pili. Nikaweka draiva ya ASIO, kiprogramu kinachoifupishia sauti njia ndani ya kompyuta, nikashusha bafa mpaka 64. Kompyuta yangu kongwe ikaanza kuchachatika kama changu kwenye mafuta ya moto. Nikapandisha 128, chini kidogo ya milisekunde tatu, ikatulia. Ami akapiga, akaitikia kwa kichwa. Siku hizi ndivyo nifanyavyo: 128 wakati wa kupiga, 1,024 wakati wa kuchanganya, ambapo hakuna mkono unaongoja kujibiwa.

Sasa tuna mashine inayosikia na kujibu kwa wakati. Inajibu kwa sauti ya nani?

Nilikuwa na mafolda ya ngoma za kupakua, gigabaiti kwa gigabaiti. Ngoma za Marekani, kongo za Kuba, djembe za Afrika Magharibi, hata darbuka za Kiarabu zilizorikodiwa vizuri sana. Dumbak zetu mbili hazimo. Nilijaribu kumdanganya Ami kwa darbuka. Akasikiliza mapigo manne tu, akasema, "Huyo Mmisri," akaondoka kwenda kuswali Isha.

Basi tukarikodi wenyewe. Alhamisi usiku, saa tano, kunguru wamelala na vespa zimepungua. Feni tukaizima, mablanketi mawili tukayatundika mlangoni na dirishani, tukabaki tunatoka jasho kama tumo tanurini. Ami alikuja na seredani yake ya makaa, akazipasha ngozi moja moja kwenye moto, anageuza, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anarudisha motoni. Alikataa kuanza mpaka zilipofika alipopataka. Mimi nilikuwa naangalia saa kwa sababu ya umeme. Tuliokuwepo hapa Unguja mwezi Mei 2008, au kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipotuacha gizani, hatupoi kirahisi. Hata leo taa ikipepesa mimi mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuhifadhi. Uzuri ni kwamba mashine ya padi inakula umeme wa kompyuta kupitia waya wake, kwa hiyo laptopu ikiwa na chaji na wewe una ngoma.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kila ngoma ina milio minne: ya wazi katikati, ya kuziba, ya ukingoni, na ya kofi. Kila mlio kwa nguvu tatu, polepole, kati na kwa nguvu. Kila nguvu mara nne, kwa sababu sampla ikirudia pigo lilelile mara kumi mfululizo sikio linashtuka, linajua kuwa hapa hapana mtu. Nne mara tatu mara nne ni 48, kwa ngoma mbili ni 96. Pigo moja, subiri mlio ufe, pigo jengine. Lilipofika la sitini hivi Ami akauliza hii harusi ni ya nani isiyokwisha.

Kuyapanga mapigo hayo ndani ya sampla ndiyo kazi iliyonipendeza kuliko zote, na ndiyo wengi wanayoiruka. Nguvu ya 1 mpaka 50 inaita mapigo ya polepole, 51 mpaka 95 ya kati, 96 kwenda juu yale ya nguvu, na ndani ya kila fungu yale manne yanapokezana zamu. Kisha kuna mambo mawili madogo. La kwanza, sampla yangu ilikuwa inakata sauti mara tu kidole kinapoinuka kwenye padi, kama kinanda. Ngoma haifanyi hivyo, ukishaipiga imekwenda. Kuna mahali pa kuiambia iache mlio uishe wenyewe. La pili ni kinyume chake: mpigaji akiziba ngozi kwa kiganja, mlio wa wazi uliotangulia unakufa papo hapo. Kwa hiyo mlio wa wazi na wa kuziba wa ngoma moja niliwaweka kundi moja, akija mmoja mwengine anazimwa. Watengenezaji waliliweka jambo hilo kwa ajili ya hai-hati. Kwa dumbak limekaa kama limeletwa na jirani.

Mpangilio wa nne kwa nne wenyewe si wa jana. Roger Linn, Mmarekani, aliuweka kwenye MPC60 aliyoibuni pamoja na Akai ya Japani, iliyotoka mwaka 1988, na mpaka leo kila mtu anaiga. Nina ugomvi nao mmoja tu: ulifikiriwa kwa vidole, na Ami anapiga kwa mkono mzima. Niliiweka ngoma ya chini safu mbili za kushoto na ya juu safu mbili za kulia, milio ya wazi ikiwa karibu na tumbo la mpigaji. Padi zilizobaki nikawapa wasaidizi. Kwenye orodha ile ya 1991, maracas, vile vya kutikisa, wana namba 70 na claves, vile vijiti vya kugonganisha, wana 75. Nikampa cherewa 70 na mkwasa 75. Orodha haikuwajua, lakini jamaa zao wapo.

Tukaanza kurikodi wimbo. Nikawasha metronomu, ile saa ya kushikia kasi, "ti, ti, ti, ti". Ami akasimama. Hawezi kupiga na kuku anadonoa. Nikajaribu kumweleza, kisha nikaacha, nikaingia kwenye mipangilio ya metronomu na kuubadilisha mlio wake nikaweka sauti ya mkwasa wetu wenyewe. Saa ileile, kasi ileile. Akapiga dakika sita bila kusimama.

Na hapo nikafanya nilichofundishwa na kila video niliyowahi kuitazama: nikachagua mapigo yote na kuyavuta kwenye gridi, kila pigo likae juu ya mstari wake. Nikamsikilizisha.

"Nani huyu kapiga?"

"Wewe, Ami."

"Si mimi huyo."

Nikarudisha nyuma, nikavuta picha karibu sana. Mapigo yake mengi yalikuwa yamekaa mistarini au karibu yake. Lakini lile pigo la ukingoni, la ngoma ya juu, liliangukia nyuma ya mstari kila raundi, kila raundi, na kwa kiasi karibu kilekile. Mtu aliyechoka anachelewa ovyo. Huyu alikuwa anachelewa kwa makusudi, sehemu moja, dakika sita. Ule mchelewo ndio unaowanyanyua watu vitini. Kuuvuta mstarini ni kumnyoosha mtu mwendo wake. Tangu siku hiyo sigusi gridi kwenye ngoma za kupigwa kwa mkono. Nikikuta kosa la kweli nalihamisha pigo hilo moja, kwa jicho na sikio, na mengine nayaacha yalivyokuja.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alipanda meli kwenda Bombay kurikodi santuri, kwa sababu mashine ilikuwa huko. Nilimtajia Ami hilo wakati namwonyesha kompyuta imekaa juu ya stuli ya jikoni. Hakuonekana kushangaa. Aliniuliza tu kama sanduku nalo litaingia kwenye hivyo vidude.

Halitaingia. Nimejaribu. Sanduku sauti yake inapanda na kushuka mpigaji anapouvuta na kuulegeza mti ulioshika uzi, na baina ya noti na noti kuna kuteleza ambako padi haina mahali pa kukuweka. Padi inajua pigo, haijui kuteleza. Kwa hiyo sanduku tutalirikodi kwa maiki, likiwa limekaa sakafuni na mwenyewe nyuma yake, hapo litakapopatikana. Nimemwambia binamu yangu aulize sokoni Darajani, amerudi na boksi la kadibodi.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Ami wimbo uliokwisha, kwenye simu, kwa hedifoni. Alikaa barazani kwake akausikiliza mara mbili, macho chini. Nikangoja. Akavua hedifoni.

"Ile ya mwisho kulia, unapopiga kwa kuziba. Ngozi ilikuwa imeshapoa."

Nilirudi nyumbani nikaitafuta. Ni pigo la 91 kati ya yale 96, na kweli, ukilisikiliza peke yake, limelegea kidogo kuliko wenzake. Alhamisi anakuja tena. Kaniambia mimi ninunue makaa.